Ngazi ya Vipandio Vitano na Machozi ya Augustino

Kuna fundisho moja linalopita siku hizi katika seminari, katika vyuo vya wauguzi, na katika vikao vile vya siku mbili ambamo watu hufundishwa namna ya kuwafariji waliofiwa. Fundisho lenyewe ni fupi, tena ni rahisi kushika kwa ajili ya mtihani. Lasema kwamba mtu aliyepatwa na msiba hupanda ngazi yenye vipandio vitano. Kwanza hukana: si kweli, hakufa. Pili hukasirika. Tatu hutaka kupatana na Mungu, kama mtu anayebishana bei sokoni. Nne huanguka katika huzuni nzito. Tano hukubali, naye hutulia. Kazi ya mfariji, wanasema, ni kujua mfiwa amesimama kwenye kipandio gani, na kumsaidia apande kile kinachofuata.

Sisi nasi tulijifunza hivyo. Tuliandika vile vipandio katika daftari kwa wino wa rangi mbili, tukapata alama nzuri. Kisha tulipewa upadri, tukatumwa parokiani, na huko ngazi ile ikatuangusha mbele ya watu. Ndiyo sababu tumerudi kukisoma kitabu ambamo ilitoka, tangu mwanzo hata mwisho, jambo ambalo hatukulifanya tulipokuwa wanafunzi. Maana ni desturi yetu mbaya kusoma muhtasari wa mwalimu na kukiacha kitabu. Pembeni yake tukaweka kingine cha zamani sana, kitabu cha Maungamo cha Mtakatifu Augustino. Katika kurasa hizi tunataka kuvipima vitabu hivyo viwili, kwani tumekwisha kuona wafiwa wanaoumizwa na faraja yetu sisi wenyewe.

Kitabu cha kwanza kiliandikwa na mganga mmoja wa magonjwa ya akili, mama Elisabeth Kübler-Ross. Alizaliwa Zürich, katika nchi ya Uswisi, mwaka 1926, naye alihamia Marekani mwaka 1958. Kitabu kilitoka mwaka 1969 kwa jina la On Death and Dying; wasomaji wetu watakipata kwa Kifaransa, Les derniers instants de la vie, kilichotolewa Genève mwaka 1975. Je, kilianzaje? Hapa mafrateri wasikilize vizuri. Kilianza na waseminari. Mwaka 1965 wanafunzi wanne wa teolojia, Waprotestanti wa seminari moja ya Chicago, walimwendea mganga huyo katika hospitali ya chuo kikuu. Walitakiwa kuandika kazi juu ya matatizo makubwa ya maisha ya mwanadamu, nao waliona kwamba hakuna tatizo kubwa kuliko kufa. Lakini hawakujua namna ya kulichunguza. Mganga akawajibu kwa neno lililo rahisi na gumu pia: tuwaendee wanaokufa, tuwaombe watufundishe.

Basi akaanza kuzunguka katika vyumba vya hospitali akiwauliza waganga wenzake kama wana mgonjwa aliye karibu kufa. Walimjibu kwamba hawana. Hospitali kubwa namna ile, wala hapana hata mmoja anayekufa! Wengine walimkasirikia. Mwishoni akapatikana mzee mmoja aliye tayari kusema. Mzee alimnyoshea mikono na kumwomba aketi palepale. Mganga akamwambia hapana, atarudi kesho pamoja na wanafunzi. Kesho yake waliporudi, mzee alikuwa amelegea kabisa, hakuweza kusema ila maneno machache ya kunong'ona. Alimshukuru kwa kuwa alijaribu. Kitambo kidogo akafa.

Tulipofika kwenye ukurasa huo tulifunga kitabu kwa muda. Mama huyo angaliweza kulificha jambo hilo. Yeye ameliweka mwanzoni mwa kazi yake, ili kila mtu aone kwamba somo la kwanza alilopewa na mgonjwa ni hili: aliyekualika uketi, keti sasa. Hakuna ngazi hapo. Kuna kiti tu, na mtu ambaye hakukaa juu yake.

Kazi ikaendelea. Wagonjwa zaidi ya 200 walikubali kuzungumza naye, na wanafunzi walisikiliza wakiwa nyuma ya kioo. Wachungaji wa hospitali walisaidia. Kati yao alikuwamo Mmarekani mweusi, Renford Gaines, ambaye baadaye alijichagulia jina la Kiswahili na kuitwa Mwalimu Imara. Twalitaja jina lake kwa furaha, maana ni wachache kati yetu wanaojua kwamba lugha yetu ilisimama karibu na vitanda vile. Sehemu nzuri kuliko zote za kitabu ni mazungumzo yenyewe, yaliyoandikwa neno kwa neno: mgonjwa anarudiarudia, anacheka, anabadili habari, anarudi tena kwenye jambo lililomwuma. Asomaye anaona watu. Aisomaye ngazi peke yake haoni mtu hata mmoja.

Sasa tuseme kosa liko wapi. Kitabu hiki chahusu watu wanaokufa. Vipandio vitano vilitokana na wagonjwa waliopewa habari ya kifo chao wenyewe. Juu ya jamaa zao kuna sura moja tu. Lakini watu waliichukua ile ngazi kitandani pa mgonjwa, wakaihamisha mpaka nyumbani kwa mfiwa, kama vile kufa na kufiwa ni kitu kimoja. Tena hawakuishia hapo. Leo huitumia kwa mtu aliyeachwa na mkewe, kwa aliyefukuzwa kazi, hata kwa mtu wa miaka 45 ambaye haoni tena maana ya maisha aliyoyajenga. Dawa moja kwa magonjwa yote! Mwandishi mwenyewe hawezi kuondolewa lawama yote, maana aliruhusu jambo hilo, na kitabu chake cha mwisho, alichokiandika pamoja na David Kessler, chawapa waliofiwa vipandio vilevile. Kilitoka mwaka 2005. Yeye alikuwa amekwisha kufa mwaka 2004. Lakini humo humo anaonya kwamba vimeeleweka vibaya, kwamba si wote wanaopita humo, wala si kwa taratibu moja. Onyo hilo halikuandikwa katika daftari letu.

Tuliahidi kusema namna tulivyoanguka. Katika parokia yetu ya kwanza, mama mmoja alifiwa na binti yake wa miaka 19 katika uzazi wa kwanza. Mtoto alipona. Tulikuwa safarini katika vijiji vya mbali, tukafika siku ya nne. Tulimkuta mama anachemsha maji ya kumkogesha mjukuu. Aliwatuma watoto huku na huku, akauliza bei ya maziwa, hata akacheka kidogo kwa neno la jirani. Hakulia. Sisi, wenye kujua, tulijiambia: kipandio cha kwanza. Tukamwita pembeni, tukasema kwa sauti ya upole iliyo ya wenye shahada: "Mama, usijifiche. Ni lazima uache kukana. Binti yako amekufa."

Alitutazama. Akasema: "Padri, ni mimi niliyemwosha."

Kisha akaleta maji ya kunawa, kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Katekista aliyetusindikiza hakusema neno njiani mpaka tulipofika mtoni. Huko akatuambia: "Padri, siku ya kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Ninyi hamkuwapo."

Tumelifikiri jambo hilo mara nyingi. Dhambi yetu haikuwa ukosefu wa huruma; huruma tulikuwa nayo. Lakini tulikwenda na jibu, tukatafuta mahali pa kulibandika. Yule mama aligeuka mbele yetu kuwa mwanafunzi aliyechelewa darasa. Tena, kama angalilia, tungalisema ni kipandio cha nne, tukaona kwamba fundisho ni kweli. Fundisho ambalo haliwezi kukanushwa na machozi wala kwa kukosa machozi, lina faida gani kwa anayelia?

Wataalamu nao wamelipima. Mwaka 2007 gazeti la waganga wa Marekani liitwalo JAMA lilitoa uchunguzi uliofanywa na watu wa chuo kikuu cha Yale kwa waliofiwa 233, wengi wao wajane. Waliona nini? Kwamba kukubali, kile kinachowekwa mwishoni mwa ngazi, kulikuwa na nguvu kuliko mengine yote tangu miezi ya kwanza. Wengi walijua sana kwamba aliyekufa amekufa. Na maumivu yaliyozidi mengine hayakuwa hasira, wala huzuni nzito. Yalikuwa hamu: kutamani kumwona, kumsikia, kumgusa. Basi tazameni tena vile vipandio vitano. Hamu haina mahali pake. Mtu anayekufa hana sababu ya kujitamani mwenyewe. Ndiyo maana kitabu cha wanaokufa hakikuipa kipandio, na sisi tuliokihamisha kitabu hatukutambua kwamba kitu kikubwa kimebaki nje.

Augustino aliitambua. Katika kitabu cha nne cha Maungamo anasimulia kifo cha rafiki yake wa ujana, huko Tagaste alikozaliwa. Jina la rafiki hakulitaja. Kijana aliugua homa, akabatizwa akiwa hana fahamu. Alipopata nafuu Augustino akaufanyia mzaha ubatizo huo, akitumaini kwamba wote wawili watacheka. Rafiki alimkemea vikali. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafa, naye Augustino hakuwapo. Ni kifo cha namna iletayo jeraha baya: rafiki amekufa, na maneno ya mwisho kati yao yalikuwa ugomvi. Kisha yafuata maelezo ya hamu ambayo hatujaona mfano wake kwa mganga yeyote. Mji mzima ukamchukiza, maana kila njia na kila nyumba ilikuwa tupu, haina yule aliyemtafuta. Hakuweza kujifariji kwa tumaini la Mungu, kwa sababu Mungu aliyemfikiri wakati ule, katika dini ya Mani, alikuwa kivuli tu. Alikimbia, akaenda Kartago. Hakupanda kipandio chochote, alihama mji.

Lakini kurasa ambazo tungependa kila frateri azisome mbele ya kupewa ushemasi ni zile za kitabu cha tisa. Ni mwaka 387, huko Ostia, bandari ya Roma. Monika anaugua siku tisa, anafariki katika mwaka wa 56 wa umri wake. Augustino yumo katika mwaka wa 33 wa umri wake. Amebatizwa miezi michache iliyopita. Ndugu yake anasikitika kwamba mama atakufa ugenini, mbali na kwao. Ni nani kati yetu asiyelijua neno hilo? Kwetu jamaa zitauza mbuzi na kukopa fedha ili maiti irudi kijijini. Na Monika mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa amejitayarishia kaburi karibu na mumewe Patrisio. Sasa anawaambia wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao. Jambo moja tu anawaomba, wamkumbuke altareni. Twaomba mwalimu wa liturgia aanze somo lake la mazishi hapo.

Mama anakata roho. Adeodato, mwana wa Augustino, kijana wa miaka kama 15, analia kwa sauti. Watu wazima wanamnyamazisha. Augustino mwenyewe anayazuia macho yake kwa nguvu. Waliona haifai kumlilia mkristu kama wanavyoliliwa wale waliopotea kabisa. Evodio anachukua Zaburi, anaanza kuimba, nyumba nzima inamjibu. Augustino anakaa na wageni, anazungumza mambo yanayofaa kwa wakati kama huo, nao wanamsikiliza wakidhani hana uchungu. Anakwenda kuzika, anarudi, hakulia. Misa inatolewa karibu na kaburi, hakulia. Anakwenda kuoga, kwa sababu amesikia kwamba maji ya moto huondoa huzuni. Anatoka amebaki vilevile. Analala. Anapoamka, peke yake kitandani, anakumbuka utenzi wa jioni wa Mtakatifu Ambrosio, na hapo ndipo machozi yanapofunguka. Alilia sehemu ndogo ya saa moja tu. Tena anaungama hayo mbele ya Mungu, akimwomba msomaji asimcheke.

Wasomaji, huyu ni mwalimu wa Eklezia, na wakati wa kuandika alikuwa askofu wa Hippo, mtu wa miaka 40 na kitu. Katika umri huo wengi hupenda kusimulia ushindi wao. Mkanada Elliott Jaques alieneza mwaka 1965 usemi juu ya tatizo la umri wa kati, akalifunganisha na kifo: ndipo mtu anapotambua kwamba kufa kwake mwenyewe kuko mbele yake. Leo katika miji mikubwa wako washauri wanaolipwa kwa kuwafundisha watu wa umri huo kujithamini: inua kichwa, jisifu asubuhi, jiambie kwamba unaweza. Hatuwacheki; mtu aliyedharauliwa miaka mingi anahitaji neno la kumsimamisha. Lakini askofu wa Hippo alishika njia nyingine. Alichukua saa ile aliyoionea haya kuliko zote, saa alipowadanganya wageni kwa uso mkavu, akaiweka wazi mbele ya waumini wake. Mtu anayejithamini kwa sababu hakulia, yuko kama nyumba iliyosimama kwa sababu upepo haujaja.

Hata hivyo hatumfuati Augustino katika yote. Yeye anakaribia kuyaita machozi yale kosa, naye anajitetea kana kwamba yuko mbele ya mwamuzi. Na yule kijana aliyenyamazishwa? Miaka michache baadaye Adeodato naye alikufa, angali kijana. Baba yake anataja kwa maneno machache tu kwamba Mungu alimwondoa mapema duniani, na kwamba sasa anamkumbuka pasipo hofu. Basi. Tumejiuliza mara nyingi ni machozi gani yaliyobaki nje ya kitabu hicho. Yawezekana kwamba somo alilopewa kijana kando ya kitanda cha bibi yake, la kunyamaza, baba alilishika tena siku ya kifo cha mwana.

Maana somo hilo la kunyamaza latolewa hata leo, na hapa lazima tuseme neno juu ya nyumba zetu. Tulikuwa na mwenzetu katika seminari moja. Habari ya kifo cha baba yake ilifika wakati wa mitihani. Mkubwa wa nyumba alimwita, akampa habari, akamwambia padri wa kesho asiwalie watu machoni, kisha akamruhusu kwenda kuzika baada ya mtihani wa Alhamisi. Mwenzetu aliandika mtihani, akaufaulu. Hatukumwona akilia. Leo ni padri mwema, lakini waumini wake husema kwamba kwenye kilio anaingia kama mtu anayepita na kuhesabu viti. Hatumhukumu. Tulikaa naye chumba kimoja usiku ule, na sisi tulijifanya tumelala.

Wenye kutoa somo hilo humtaja Mtakatifu Paulo, barua ya kwanza kwa Watesalonika. Lakini Paulo hakuwakataza kusikitika. Aliwakataza kusikitika sawa na watu wasio na tumaini. Ni Augustino mwenyewe, katika hotuba zake za baadaye, aliyepambanua jambo hilo vizuri, kana kwamba alitaka kumrudishia Adeodato machozi yake. Na Bwana Yezu, aliyejua kwamba baada ya kitambo kidogo Lazaro atatoka kaburini, alilia. Kama tumaini lingekataza machozi, ni nani angekuwa na sababu ndogo ya kulia kuliko yeye?

Labda mtu atatuambia: ninyi Waafrika mna kilio chenu, mna mikeka yenu na usiku wenu wa nyimbo, hamhitaji vitabu vya Wazungu. Jibu hilo twalijua, linapendeza masikioni. Ni kweli kwamba penye kilio jirani hukaa kimya kwa saa nyingi bila kutafuta neno, kama walivyofanya rafiki za Yobu siku saba, mbele ya kuharibu yote kwa kufungua kinywa. Ni kweli pia kwamba hapo kuna mjane anayeulizwa amemlisha mumewe nini. Kuna wajomba wanaogawana vyombo kabla kaburi halijakauka. Kuna deni la mchele na vinywaji litakalowanyima watoto shule. Na siku kilio kinapokwisha, mikeka ikikunjwa, wote huenda zao kwa pamoja, na mama hubaki na nyumba. Hamu haikunjwi pamoja na mikeka. Hapo padri na katekista wana kazi ambayo hakuna desturi inayoifanya kwa niaba yao: kurudi baada ya mwezi mmoja, na baada ya mitatu, bila daftari.

Kuna tena wafiwa ambao hata kilio hawakupata. Toka mwaka 1996 vita vimepita na kurudi katika Kivu; mwaka 2025 Goma na Bukavu ziliingiwa na M23, watu wakatawanyika. Ni mama wangapi ambao hawajui kama mwana wao yuko hai? Mmarekani mmoja, Pauline Boss, aliandika mwaka 1999 juu ya msiba wa namna hiyo usio na mwisho wala maiti. Aliyaona hayo kwa jamaa za askari waliopotea vitani. Mama kama huyo akiweka sahani ya mwanawe mezani, mwenye ngazi atasema: anakana. Lakini Kübler-Ross mwenyewe, katika sura ambayo wenye muhtasari huiruka, anaandika kwamba tumaini halikuwaacha wagonjwa wake mpaka karibu na mwisho, katika vipandio vyote. Hakulipa namba. Twaona ni sura iliyo bora kuliko zile tano.

Je, tukitupe kitabu hicho? Sivyo. Tunajua kwamba baadaye mama huyo aliwafuata watu waliodai kusema na wafu, na hapo hatuwezi kwenda naye. Tunajua pia kwamba baada ya kupooza mwaka 1995 aliishi miaka tisa katika mateso, naye alisema waziwazi kwamba amekasirika. Wengine walimcheka: mwalimu wa kukubali hawezi kukubali! Sisi jambo hilo latufanya tumheshimu zaidi. Kisomeni kitabu, lakini anzeni na mzee aliyenyosha mikono, kisha yale mazungumzo, kisha sura ya tumaini. Orodha ya vipandio iacheni mpaka mwisho, nanyi mtaona imekuwa ndogo. Kwa mwalimu wa seminari tungependa kupendekeza jambo moja: wanafunzi wapelekwe hospitalini mbele ya kusikia fundisho lolote juu ya kifo, wakae, warudi, waandike waliyoambiwa. Mwaka ule ule wa 1969, tarehe 15 Agosti, Roma ilitoa taratibu mpya ya mazishi, ambayo iliondoa utenzi wa kutisha wa siku ya hasira na kurudisha Aleluya. Padri aliyeshika vitabu vyote viwili vya mwaka huo, kile cha altareni na kile cha hospitalini, asivitumie kumnyamazisha mtu.

Yule mama tuliyemkosea tulimwendea tena. Tulikaa. Hatukuwa na neno, naye hakututafutia. Alisema kidogo juu ya bei ya maziwa, kisha akasema kwamba mtoto ana masikio ya mama yake, na hapo akalia, sisi tukiwa tumemshika mjukuu kwa namna isiyofaa hata akatuonyesha namna ya kumshika kichwa. Mwaka huo, tarehe 2 Novemba, alileta karatasi ya majina ya wafu wake ili wakumbukwe katika Misa. Majina yalikuwa 11. La binti yake lilikuwa la tatu, kati ya babu na shangazi, nasi tulilisoma kwa zamu yake.